Goti la Nani?
Binamu yangu hukimbia hapa Yamumbi kila alfajiri. Siku moja alitia sahihi fomu, akabandikwa stika zinazong'aa magotini, akarekodiwa. Kwenye skrini, upande huu video yake; upande ule mstari wa pembe ya goti, ukipanda na kushuka kwa kila hatua. Akauliza, "Hata huo mstari ni mimi?" Waliompima wakacheka tu.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya 2019, inampa haki ya kuiona data yake. Sawa. Lakini kuona si kusoma. Video hata shosho angeielewa. Mstari unataka mtu wa kukufafanulia. Mimi nasema sahihi pekee si ridhaa. Anayekupima akufundishe kwanza kulisoma goti lako, ndio aondoke nalo.