Je, Mshindi Aweza Kuwa Msaliti?

Huko Marekani, katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, kuna kamari isiyouliza ni timu gani itakayoshinda, bali ni ipi itakayoanza kwa kasi. Mchezo wa wanaume una vipindi viwili vya dakika 20. Mtu aweza kuweka dau juu ya kipindi cha kwanza peke yake, au juu ya timu itakayotangulia kufikisha pointi 10. Pointi hizo hupatikana kwa dakika chache, hata watazamaji wengine hawajaketi.

Hatusemi kwamba kuweka dau ni dhambi kwa asili yake. Kanisa halifundishi hivyo. Huwa kosa pale linapomnyima mtu riziki yake na ya wanaomtegemea, au penye hila. Hila ndiyo itushughulishayo leo.

Mwaka 1951 mji wa New York ulitahayari. Wachezaji wa City College, timu iliyotwaa mashindano yote mawili makubwa ya vyuo mwaka 1950, walikamatwa kwa kupokea fedha za wacheza kamari. Kilichonunuliwa hasa kilikuwa ni tofauti ya pointi: timu itazamiwayo kushinda kwa 10 ikishinda kwa 4, mashabiki hushangilia, naye mnunuzi huvuna. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, na soko likapanuka. Mwezi Januari 2026 waendesha mashtaka mjini Philadelphia walidai kwamba wachezaji wa vyuo kadhaa walihongwa. Na katika baadhi ya michezo, wasema, kilichonunuliwa ni kipindi cha kwanza tu.

Twamsikia kijana akijitetea moyoni: “Nitazembea dakika 20, kisha nitacheza kwa nguvu zangu zote. Timu itashinda. Nani basi ameibiwa?”

Swali hili lastahili jibu, maana si la kipumbavu. Aliyeweka dau upande wa pili ameibiwa, ni kweli, ingawa huyo hatumlilii sana. Lakini uwanjani wamo wenzake wanne. Wanakimbia mpaka pumzi zinawaishia, na kila wampapo mpira humpa kwa kumwamini. Yeye ameuza imani hiyo, mali isiyo yake. Tena kocha, aonapo mambo yanaharibika, humtoa mmoja. Naye aweza kumtoa asiye na kosa, akaketi benchi akidhani udhaifu ni wake. Ushindi wa jioni haumrudishii kijana huyo chochote, kwa sababu hajui hata alichonyang'anywa.

Twaona pia kwamba walioukata mchezo vipande vipande wameupunguza bei usaliti. Kijana ambaye angekataa kwa hasira kuuza mchezo mzima, huenda akakubali kuuza mwanzo wake, kwa kuwa mwanzo huonekana kitu kidogo kiwezacho kufidiwa. Mwaka 2024 NCAA, chama kisimamiacho michezo ya vyuo, kiliyaomba majimbo yapige marufuku kamari juu ya mchezaji mmoja mmoja. Ombi hilo ni jema, nasi twaliunga mkono, lakini halikukigusa kipindi cha kwanza. Yafaa majimbo yakitazame nacho.