Je, Kodi ya Meza Yatosha?

Katika miji yetu kuna msemo ambao kila mtu aujua, nao ni “kodi ya meza”. Maana yake ni fedha ambayo mume humwachia mkewe asubuhi kabla ya kwenda kazini, ili kipatikane chakula cha siku ile. Msemo huu husemwa kwa mzaha, lakini ndani yake mna swali zito: Je, mtu aliyekwisha kutoa fedha ya chakula amemaliza wajibu wake mezani? Au bado anadaiwa kitu ambacho fedha haiwezi kukilipa?

Yafaa tulitazame swali hili katika nyumba iliyo ndogo kuliko zote, yaani nyumba ya mume na mke peke yao. Nyumba yenye watoto wengi ina kelele zake, na kelele hizo huficha mengi. Baba asipokuja kula, mama anao wa kula nao, wala sahani moja iliyobaki haionekani sana. Lakini katika nyumba ya wawili hakuna pa kujificha. Mmoja akikosekana, mwenzake hula peke yake.

Nyumba za namna hii si chache. Tuchukue mfano wa Makorora, mtaa wa watu wa kawaida mjini Tanga. Wapo vijana waliofunga ndoa juzi, nao wamepanga chumba katika nyumba yenye wapangaji wengi na ua mmoja. Wapo wazee ambao watoto wao wamekwenda Dar es Salaam au Arusha kutafuta maisha. Wapo pia wale ambao Mungu hakuwajalia watoto, nao huyasikia maneno ya watu kila wateleckapo sufuria yao ndogo.

Kwa hawa wa mwisho twapenda kusema neno kwanza. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu. Hata pale watoto wanapokosekana, ingawa walitamaniwa sana, ndoa yabaki kuwa ushirika wa maisha yote, wala thamani yake haipotei. Basi chakula cha watu wawili ni chakula cha nyumba kamili. Asiwepo wa kuwaonea haya, wala wao wasijionee haya.

Walakini wako watakaosema kwamba kupikia watu wawili ni hasara. Makaa yaivishayo maharage ya watu wawili ni karibu sawa na yale yaivishayo ya watu sita. Mke naye siku hizi hushinda sokoni au kazini, akarudi jioni amechoka. Njiani kuna muhogo wa kukaanga, chipsi, samaki na mishikaki. Kwa nini kila mmoja asile alipo, kisha wakakutana nyumbani wakati wa kulala?

Hoja hii si ya kudharauliwa. Mtu mwenye kipato kidogo ana haki ya kuhesabu makaa yake. Wala hakuna amri ya Mungu au ya Kanisa isemayo kwamba jiko liwashwe kila jioni. Mume na mke wakinunua muhogo na samaki njiani, wakaja navyo nyumbani, wakala pamoja huku wakizungumza, hawakukosa kitu. Hatari ipo pale ambapo “kila mmoja ale alipo” yageuka kuwa desturi ya nyumba.

Mkoa wa Tanga unayo historia iwezayo kutufundisha jambo hili. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yalipoenea yalihitaji watu wengi. Wakaja wanaume kutoka mbali, Kigoma, Songea, hata Burundi, wakaandikwa kwa namba, ndiyo sababu wakaitwa manamba. Huko mashambani walipimiwa posho ya unga na vitu vingine vichache. Posho ile ilimwezesha mtu kukata mkonge siku ya pili yake. Lakini nani aliyedhani kwamba kupimiwa posho ni sawa na kukaribishwa mezani? Aliyepima hakuwa na haja ya kumjua aliyekula. Wengi wa wanaume wale walikuwa wameacha wake zao kwao, na unga wa shamba haukuweza kuziba pengo hilo.

Basi mume aachaye fedha kila asubuhi, na kila usiku akarudi amekwisha kula kwingine, ampimia mkewe posho. Naye mke apikaye kwa kinyongo, akafunika sahani na kwenda kulala ili asimwone mumewe akila, ampimia mumewe posho. Wote wawili wameshiba, na wote wawili wana njaa.

Deni la meza, kwa maoni yetu, ni hili: kumjua mwenzio na kuwapo. Apikaye pilau ya arusi hupika kwa kipimo cha wengi. Ampikiaye mtu mmoja hupika kwa kumjua. Hukumbuka kwamba mwenzake ameambiwa na daktari apunguze chumvi, kwamba bamia hazipendi, kwamba leo ametembea juani. Kazi hiyo ya kukumbuka ni upendo wenyewe, nao hauhitaji nyama. Mchicha wa nazi na dagaa hutosha. Na yule aliyepikiwa anadaiwa kuja kwa wakati, kuketi, na kutoa shukrani. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume juu ya upendo katika familia wa mwaka 2016, alihimiza maneno matatu yasikosekane nyumbani: tafadhali, asante na samahani. Mezani ndipo mahali pepesi pa kuanza kuyasema.

Jirani zetu Waislamu wa mtaani hutupa mfano mzuri mwezi wa Ramadhani. Futari imekwisha pikwa, njaa ipo, lakini wote hungoja adhana ya magharibi ili wafungue pamoja. Saa ile huheshimiwa, na mwenye shughuli huharakisha kufika. Je, Mkristu ashindwe kumtunzia mke wake saa moja ya jioni?

Wengine huuliza kama kupika ni kazi ya mke peke yake. Pwani yetu yatoa jibu: pilau za arusi mara nyingi hupikwa na wanaume, na wakaangaji wa chipsi barabarani wengi ni vijana wa kiume. Basi ujuzi upo. Kilichobaki ni nia. Injili ya Yohane, sura ya 21, yasimulia kwamba Bwana wetu, baada ya kufufuka, aliwangojea wanafunzi ufukoni mwa ziwa la Tiberia. Walikuwa wamevua usiku kucha bila kupata kitu, uchovu ambao wavuvi wa Tanga waujua vema. Waliposhuka chomboni walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Aliyeshinda mauti ndiye aliyewaandalia chakula. Mume gani basi ataona aibu kupepea jiko, mkewe akiwa amechoka?

Na tuangalie jambo jingine katika sura hiyo. Petro alikuwa amemkana Bwana wake, naye alimkana akiota moto wa makaa. Bwana hakumuuliza juu ya upendo wake kabla ya chakula. Alimlisha kwanza, kisha akamuuliza. Ingekuwa heri kama ugomvi wa nyumba zetu ungefuata utaratibu huo! Watu wawili wenye njaa husemezana maneno ambayo wasingeyasema wakiwa wamekula.

Mwisho, nyumba ya wawili isijifunge. Mjane wa Sarepta alibakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo kwa ajili yake na mwanawe tu, lakini Eliya alipoomba alimgawia, na unga haukwisha. Katika ua wenye majiko mengi huenda yupo bibi kizee asiye na wa kumpikia. Sahani moja ikimfikia, chakula cha wawili hakitapungua.

Basi, enyi waume, endeleeni kutoa kodi ya meza, kwa maana asiyeitoa hali anaweza amekosa haki. Lakini mkiisha kuitoa, rudini nyumbani mkaile pamoja na wake zenu. Nanyi wake, msikinyime chakula kidogo heshima yake. Fanyeni Ishara ya Msalaba, mmegeane kilichopo, na kila mmoja amwulize mwenzake siku yake ilikuwaje, kisha asikilize jibu.