Mlishapeana Mkono, Adeer

Kaa, adeer. Mama yako ameniomba niseme nawe, na mimi siku hizi kutoka nyumbani ni kazi, magoti yamechoka kabla yangu. Lakini habari hii imenifikia kutoka kwa watu watatu kabla ya adhuhuri, na jambo likishafika soko la Suuq Mugdi halifichiki tena.

Nimeambiwa hivi. Mama wa mtaa wa Bulla Iftin alikutajia bei ya nyumba yake, ukamwomba apunguze, akapunguza, mkakubaliana na kupeana mkono dalali akiona. Siku chache baadaye dalali mwingine akakuonyesha nyumba kule Township, yenye tangi kubwa la maji na geti la chuma, nawe ukaweka bei huko pia. Mama wa Iftin hajui. Mwenye nyumba ya Township hajui. Wewe unangoja uone ipi itakufaa zaidi.

Utakalonijibu nalijua, maana umesoma. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Kweli. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba ya Kenya kinataka makubaliano ya ardhi yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi wake. Ndipo mawakili, kwa desturi yao, humtaka mnunuzi atangulize asilimia 10 ya bei na kumpa siku 90 za kukamilisha. Hamjafika huko. Mbele ya hakimu, mama yule hana pa kukushikia.

Lakini hukumwambia tusubiri karatasi. Ungesema hivyo, nisingetoka kwangu leo. Nenda basi kwa sheikh wa madhehebu yetu ya Shafii, naye atataka kujua mlitamka nini. Wauzianao wana hiari mpaka waachane. Kama mlisema nimeuza, nimenunua, hiari yako iliishia mlangoni pake ulipoaga. Kama mlisema nitauza, nitanunua, hiyo ni ahadi, na ahadi huulizwa.

Wala usinijie na habari ya arabuni. Nasikia unasema zile pesa ulizotanguliza abaki nazo, mambo yaishe. Wahanbali wanamruhusu muuzaji kubaki nazo. Kwetu Mashafii hazimhalalikii. Mama yule namjua, atakurudishia hadi shilingi ya mwisho. Kwa hiyo utakuwa umemsumbua bure kabisa.

Vijana wenzako wanakutania kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo inakuonea huruma wewe mshikaji. Mimi nawaonea huruma walioshikwa. Tangu siku ile mama yule amewarudisha wanunuzi wengine. Kwa kutegemea pesa zako ameahidi kununua ploti upande wa barabara ya Modogashe, mwanawe ajenge. Mwenye ploti naye, nina hakika, ameshazipangia kazi. Watu wote hao wamesimama juu ya neno lako, na wengine hata jina lako hawalijui.

Ulikua ukimfuata babu yako kwenye soko la mifugo hapa Garissa. Umeona wazee wakishikana mikono chini ya kitambaa, vidole vikitaja bei bila mtu wa tatu kujua. Uliwahi kuona mtu ana mkono mmoja chini ya kitambaa hiki na wa pili chini ya kile? Wangemfukuza sokoni, na ngamia wake nyuma yake.

Tena huko Township kuna mwalimu aliyekuwa bado anapatana bei ulipoingia. Dalali alikuambia, ukaongeza pesa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kupatana juu ya mapatano ya nduguye. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na madrasa ulipelekwa.

Sisemi mtu harudi nyuma. Ungekuta kwenye ofisi ya ardhi kuna zuio juu ya ploti ya nyumba ya Iftin, au ile barua ya kugawiwa ardhi ya enzi za kaunti kanseli iko mikononi mwa watu wawili, jambo ambalo mji huu umelizoea mno, ningekuambia toka haraka. Ungegundua kuwa nyumba iko mahali maji ya Tana yalipopita 2023 na tena 2024, ningekusindikiza mwenyewe ukaseme. Tangi na geti si sababu za namna hiyo, ingawa kwa jua letu najua tangi linavyovuta.

Basi chagua leo. Ukibaki na Iftin, mpigie mwenye nyumba ya Township uondoe bei yako, na mwalimu aambiwe. Ukitaka Township, kwanza nenda Iftin baada ya alasiri ukamwombe mama yule akuachilie, kwa miguu yako, si kwa simu wala kwa mdomo wa dalali. Muulize wale wanunuzi aliowarudisha ni akina nani, umtafute mmoja wao mwenyewe. Kama mama yule ameshamlipa wakili chochote, mrudishie. Township usitaje bei tena mpaka mwalimu amalize mazungumzo yake, hata nyumba ikikupita. Mama wa Iftin akikuuliza kwa nini, mwambie ukweli wa tangi na geti. Atakasirika, na utamsikiliza mpaka amalize. Na dalali wa Iftin atadai nauli na kifuta jasho cha siku zote alizokuzungusha. Mpe bila kubishana.