Nyembe za Msumeno na Haki ya Jirani

Liko swali ambalo sisi tuliofundisha kazi za mikono katika chuo cha ualimu tuliulizwa mara nyingi na wanafunzi, nalo ni hili: kitu kikiwa changu, nimekinunua kwa fedha yangu, tena cha bei ndogo, nami ninakiweka ndani ya chumba changu mwenyewe, je, nikikiweka ovyo ninamkosea nani? Wengi hujibu upesi kwamba hakosewi mtu; huo ni uvivu tu, wala si dhuluma. Sisi twaona jibu hilo limetolewa kwa haraka mno. Ili tulipime vizuri, na tuchukue kitu kidogo kabisa kilichomo katika karakana za nyumbani: nyembe za msumeno wa nakshi.

Kwa wasioujua, msumeno huu ni ule mwembamba wa kukatia mapambo, herufi, wanyama wa kuchezea watoto, na maumbo yenye kona nyingi ambayo msumeno wa kawaida hauwezi kuyafuata. Upo wa mkono, na upo wa mashine, ya kukanyaga kwa mguu au ya umeme. Kazi hii ni ya zamani, na sisi walimu tuna deni kwake. Katika miaka ya 1760 mtengenezaji ramani mmoja wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuviunganisha vipande vile tena. Tangu hapo walimu wengi wametengeneza vifaa vya namna hiyo.

Wembe wake una urefu wa inchi 5 hivi, nao ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kila ukubwa una namba: namba 1 ni nyembamba, namba 5 ya kati, namba 9 na 12 ni nene. Nyingine zina pini ndogo kila ncha, nyingine hazina. Nyingine meno yake yamefuatana, nyingine limerukwa jino moja baada ya kila jino ili vumbi lipate kutoka, na nyingine zimesokotwa kama kamba zipate kukata pande zote. Lakini namba hiyo aghalabu haikuandikwa juu ya wembe wenyewe. Imeandikwa juu ya karatasi ya pakiti, na karatasi hupotea.

Hapo ndipo jambo linapoanzia. Namba 3 na namba 5 zikichanganyika, tofauti ya upana wake haifiki hata robo ya milimita. Jicho la mzee haliioni, na la kijana huiona kwa shida. Mbao ndizo zinazojua. Wembe mnene ukitiwa katika plaiwudi ya milimita 3 hurarua upande wa chini na kuacha nyuzi. Wembe mwembamba ukitiwa katika mninga wa unene wa inchi moja hupinda, huacha mstari, hupata moto na kukatika.

Kuzihifadhi si kazi ngumu. Chukua bomba la maji la plastiki, ulikate vipande vya inchi 6, kila kimoja ukitie kizibo chini na kifuniko juu. Kila namba iwe na kibomba chake. Pwani, na popote penye unyevu, chuma hushika kutu mapema. Kwa hiyo zipanguse nyembe kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kabla ya kuzifunga, na kila wembe uufute tena kabla ya kukata, usije ukatia doa mbao. Vibomba vipangwe kwa kufuata namba katika ubao wenye matundu, juu ukutani, watoto wasipofika. Na maandishi yawe juu ya kibomba chenyewe, wala si juu ya kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Sasa turudi kwenye swali. Asemaye, "Ni changu, simkosei mtu," hudhani kwamba atakayenyoosha mkono kuchukua wembe atakuwa yeye siku zote. Sivyo ilivyo. Leo ni kijana anayejifunza kazi, kesho ni mjukuu, kesho kutwa ni jirani aliyeomba nafasi ya kumtengenezea mtoto wake kiti. Na siku moja atakuwa mjane aliyeachiwa karakana asiyoijua, naye fundi yuko mlangoni amekuja kununua vifaa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yule akiwa na vibomba vyenye namba ataweza kudai bei ya haki. Akiwa na kopo moja la maziwa lililojaa nyembe zilizochanganyika na kushika kutu, fundi atampa bei ya chuma chakavu, wala hatakuwa amemdhulumu. Aliyemdhulumu amekwisha zikwa.

Lakini twende mbele kidogo, maana ndani ya mpangilio wenyewe mna hatari kubwa kuliko ile ya fujo. Kopo lisiloandikwa halimdanganyi mtu. Linamwambia, "Tazama mwenyewe," naye ataugusa wembe na kuujaribu kwanza katika kipande kibovu. Bali kibomba kilichoandikwa "Namba 5", na ndani mna namba 3 zilizorudishwa kwa haraka, au zilizokwisha makali zikachanganywa na mpya, kinamwambia neno naye analisadiki. Ataharibu kazi ya siku mbili, na lawama ataitupia mikono yake mwenyewe. Kijana anayejifunza aweza kuondoka akiamini kwamba hana kipawa, kumbe alidanganywa na maandishi. Basi kuandika namba juu ya kibomba ni kumpa mtu ahadi, na ahadi hiyo hutimizwa upya kila jioni tunaporudisha wembe. Asiye na nia ya kurudisha kila kitu mahali pake, ni afadhali asiandike chochote.

Liko pia kosa la upande wa pili. Yuko mtu mwenye vibomba 20 vilivyonyooka kama askari kwenye gwaride, huwakaripia watoto wakivigusa, na mwaka mzima hajakata hata farasi mmoja wa kuchezea. Mpangilio huo unamtumikia nani? Wembe ulitengenezwa ukate. Tukilazimishwa kuchagua kati ya bwana huyu na fundi wa kopo moja ambaye watoto wa mtaa mzima wanachezea kazi ya mikono yake, tutamchagua fundi. Kisha tutampelekea vipande vya bomba.

Wala tusizisahau nyembe zilizokufa. Wembe huu kwa kawaida haunolewi. Makali yakiisha hutupwa. Ukikatika, kipande huangukia katika vumbi la mbao, na vumbi hilo mwisho wa juma huombwa na jirani akatandike banda la kuku. Hapo yule asemaye hamkosei mtu amekwisha peleka chuma chenye meno nyumbani kwa mwenzake, ndani ya gunia, kwa jina la zawadi. Dawa yake ni kopo moja zaidi, lenye tundu jembamba kifunikoni, la kutilia vipande vilivyokatika. Na sumaku ipitishwe katika vumbi kabla ya kulitoa. Ni kazi ya dakika chache. Mdharau mwiba, mguu huota tende, na mara nyingi mguu wenyewe si wa yule aliyedharau.

Kwa hiyo jibu letu kwa wanafunzi lilikuwa hili, nalo halijabadilika: mlango wa karakana haukati ujirani. Kitu ni chako wakati umekishika. Ukishakiweka, umemwekea mtu, hata kama hujui ni nani.

Msomaji mwenye karakana, Jumamosi hii limimine kopo lako la nyembe juu ya gazeti. Chukua mpya za kila namba uzilinganishe moja moja na hizo za zamani, ukipapasa meno kwa ncha ya kidole, taratibu. Zilizo butu zitupe kwa uangalifu. Zile utakazoshindwa kuzitambua, usizikisie; zitie katika kibomba chake na uandike, "Hazijulikani." Maandishi hayo nayo ni ya kweli, na atakayekuja nyuma yako ataweza kuyategemea.