Nani Atamla Tausi?

Mwalimu alinipigia simu Jumapili jioni. "Kaka, wametoka. Wako wanne." Nikampongeza. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu: "Sasa nauzia nani?"

Mwalimu si dada yangu wala si wa ukoo wetu. Ni mteja. Miaka mitatu iliyopita alinunua vifaranga vitatu vya tausi, dume na majike mawili, kwa mjomba wangu upande wa Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapokutana. Tangazo aliloliona mtandaoni niliandika mimi, kwenye simu, nikiwa ndani ya matatu Nairobi. Mjomba anajua ndege. Maneno ya kuvutia watu ananiachia mimi. Nilipata kamisheni ya elfu sita. Nikanunua viatu.

Nimelisoma tena lile tangazo. Hakuna uongo ndani yake, na shida yangu inaanzia hapo. Niliandika kwamba tausi ni ndege wa bei. Kweli. Kwamba anakula vingi anavyokula kuku. Kweli. Kwamba jike likikomaa linaweza kutaga mayai manne hadi manane kabla ya kuatamia. Kweli. Nikamalizia na maneno mawili: "Hesabu mwenyewe." Mwalimu akahesabu. Yeye ni mwalimu wa BOM, wale wanaolipwa na shule badala ya serikali, na mshahara wake huchelewa. Alikopa kwa chama.

Kuna mambo sikuyaandika. Jike la tausi hukaa karibu miaka miwili kabla ya kutaga, na dume huhitaji kama mitatu ndipo livae ule mkia wote mnaoupiga picha. Mayai huatamiwa siku 28 hivi, si 21 kama ya kuku. Vifaranga huumwa na baridi, na asubuhi za Nyamira mnazijua. Ukiwachanganya na kuku, tausi wanaweza kuambukizwa magonjwa ambayo kuku wenyewe huyabeba bila kuonekana wagonjwa. Lakini hayo yote Mwalimu angeweza kuyapata kwa kuuliza tu. Jambo moja ndilo asingelipata kwa mtu mwingine isipokuwa sisi: karibu kila aliyenunua tausi kwa mjomba alinunua ili naye auze tausi.

Kama ulikuwa na akili timamu mwaka 2013 unakumbuka kware. Nchi nzima ilisema kware. Mayai yao, ati, yanatibu kila kitu. Watu walipanga foleni kutafuta leseni ya KWS, maana kware huhesabiwa ni ndege wa porini. Walioanza mapema walipata pesa nzuri, ila nyingi zilitoka kwa waliotaka kuanza: waliuziwa mayai ya kutotoa, vifaranga, vizimba, hata semina. Kufikia 2014 kila jirani alikuwa na kware, na yai lililouzwa kama dawa likawa halina wa kulinunua kwa bei ya peremende. Nyumbani tulikula kware mpaka watoto wakakataa.

Lakini kware alikuwa na wema mmoja. Yai lake huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga likiwa na wiki sita au saba. Kwa hiyo alitoboa siri mapema. Ndani ya mwaka mmoja ulikuwa umeshajua kama umeingia mkenge. Tausi huitunza siri hiyo miaka miwili, mitatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwa wakiuza tausi. Mwalimu alipogundua kwamba hana soko, pesa yake ilikuwa imeshageuka mabati ya mjomba na viatu vyangu, na viatu vyenyewe vilikuwa vimeshaisha soli.

Simaanishi kwamba kuuza kifaranga ni dhambi. Nenda Daraja Mbili siku ya soko, Kisii mjini, uangalie kuku wanavyoshikwa miguu na kupimwa uzito kwa mkono. Nyuma ya kila muuza vifaranga vya kuku kuna sufuria mahali fulani. Kifaranga kinaweza kupita mikono mitano, lakini wa mwisho atakuwa na ugali mbele yake, na hatajiona ametapeliwa. Ndizi ni hivyo hivyo. Majani chai ni hivyo hivyo, hata mkulima akilalamika kuhusu bonasi. Tausi naye ana mnunuzi wake wa kweli: hoteli yenye bustani, tajiri mwenye ua mkubwa, mtu anayependa tu kumwona. Lakini mashamba yetu yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka mengine hayafiki nusu eka. Ua wa tausi uko wapi? Wanunuzi hao wako wachache, na mjomba alikuwa ameshawamaliza kabla sijaandika tangazo.

Nilimpigia mjomba. Nilitaka arudishe hata nusu ya pesa, au avichukue vile vifaranga vinne. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mjomba, mimi nilimuuzia ndege. Sikumuuzia soko."

Ni jibu gumu, tuseme ukweli. Ndege walikuwa wazima. Mwalimu ni mtu mzima, ana digrii, na hakuna aliyemshika mkono akatume pesa. Tukianza kudai kila muuzaji abebe hasara ya mnunuzi, hata mama mboga atafunga kibanda. Tena nani anajua kesho? Labda hoteli kumi zitafunguliwa Nyamira.

Lakini soma tena tangazo langu. "Hesabu mwenyewe." Hesabu ya nini, kama si ya soko? Anayenunua ndege kwa ajili ya ndege hahesabu mayai. Mwaka 2019 Rais Magufuli alimzawadia Rais Kenyatta tausi wanne. Mwaka uliofuata aliwagawia tausi wa Ikulu marais wastaafu wa Tanzania na Mama Maria Nyerere. Sidhani kuna aliyepokea akauliza jike linataga mangapi kwa mwaka. Pale tausi alikuwa tausi, basi. Sisi tulimchukua ndege huyo huyo tukamfanya tiketi, na bei tuliyotaja ilikuwa bei ya tiketi. Kwa hiyo soko tuliliuza, mjomba. Tuliliuza bila kuwa nalo.

Kinachoniuma zaidi ni jibu nililompa Mwalimu ile Jumapili, kabla sijafikiria lolote. Nilimwambia, "Usijali, tutaandika tangazo. Watu wapo." Watu gani? Nilipokata simu ndipo nikawaona: mwalimu mwingine wa BOM, chama kingine, mkopo mwingine. Njia pekee niliyokuwa nayo ya kumtoa shimoni ilikuwa kumtafutia mtu wa kuingia badala yake. Huyo naye angeniita kaka.

Tangu hapo nina swali moja kwa kila dili ninayoletewa, iwe ya ndege, ya sungura, ya ploti au ya sarafu za mtandaoni: anayenunua mwisho kabisa anakifanyia nini kitu hiki? Kama jibu ni kula, kuvaa, kulalia, kufurahia, sawa, tuongee bei. Kama jibu ni "naye atauza", basi mimi ninayejua hivyo nikanyamaza nimeshasema uongo, hata kama kila sentensi yangu ni ya kweli. Uhuru wa mnunuzi kuchagua hauna maana kama kitu pekee alichohitaji kujua nimekikalia.

Nilimtumia Mwalimu elfu sita kwa M-Pesa, mara mbili, tatu tatu. Si nyingi, wala hazimalizi deni la chama. Halafu tukakaa kwenye simu tukaandika tangazo jipya, safari hii maneno yakiwa yake. Lilisema: "Vifaranga vinne vya tausi. Vinahitaji joto na nafasi. Huku kwetu havina soko la kuuza tena. Nunua kama unawapenda." Bei aliishusha chini ya nusu.

Mjomba aliliona akacheka. "Nani atanunua na maneno kama hayo?"

Mpaka sasa wamepiga watu watatu. Wawili walikata simu waliposikia habari ya soko. Wa tatu ni mzee mmoja mstaafu, aliuliza tu kama wanapiga kelele sana. Mwalimu akamwambia ndiyo, sana, hasa alfajiri. Mzee akasema atakuja Jumamosi.