Hadina ya Kukisia

Fundi wa kisa hiki sikumpa jina. Ni kijana wa redio za magari pale Ndeeba, Kampala, kando ya barabara ya kwenda Masaka. Makosa yake ndiyo yanayowaangusha wengi katika kazi ya faiba. Nimemtwika yeye peke yake ili anayejifunza ayaone yakivutana, moja likizaa jingine.

Mteja wake alifika Alhamisi asubuhi na Toyota Premio. Jumamosi kulikuwa na kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi, na Premio ndiyo ingetangulia msafara. Alitaka sabufa ya inchi 12 kwenye buti. Boksi la mbao hakulitaka, maana linameza buti zima na siku hiyo kulikuwa na zawadi za kubeba. Alitaka boksi la faiba linalofuata mikunjo ya gari, likae kwenye uwazi wa pembeni, nyuma ya gurudumu.

"Ssebo, Ijumaa jioni nalichukua gari langu."

"Hamna shida, bosi. Utalikuta linaimba," kijana akajibu, akapokea nusu ya fedha.

Shida ilikuwapo. Boksi la faiba likifanywa ipasavyo huchukua siku kadhaa, na muda mwingi ni wa kungoja tu. Unafunika buti kwa nailoni. Pale boksi litakapokaa unabandika selotepu ya karatasi, juu yake foili, na juu ya foili unapaka nta, faiba isije ikashikana na gari. Unakata mkeka wa faiba vipande vipande, unaulowesha kwa resini iliyotiwa hadina, ile dawa ya kuigandisha, unalaza tabaka moja au mawili na kuyaacha yagande. Ganda likishakauka linatolewa nje ya gari, na kazi yote iliyobaki inafanyiwa uwanjani, penye upepo. Huko ndiko unakoongeza matabaka mpaka unene ufike milimita 6 hivi (mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hukupa kama milimita 1 kwa kila tabaka), ukafunga pete ya MDF ya kushikia spika, ukavuta kitambaa cha flisi kutoka kwenye pete hadi kingoni na kukilowesha resini, ukamalizia na msasa.

Kijana alianza vizuri. Nailoni ilikaa, foili ilikaa. Alhamisi jioni mvua ikanyesha, hewa ikapoa, na asubuhi tabaka la kwanza lilikuwa bado linanata vidoleni. Resini ndivyo ilivyo: baridi huichelewesha. Dawa yake ni kungoja, au kulisogeza gari mahali penye joto kidogo. Yeye akaona dawa ni kuongeza hadina.

Kilo moja ya resini hutaka gramu 10 hadi 20 za hadina, na kipimo hicho hakina mjadala. Ukipunguza, inabaki inanata. Ukizidisha, inajichemsha yenyewe, kwa sababu kule kuganda ndiko kunakotoa joto. Resini iliyotandazwa nyembamba hupoa, joto lina pa kutokea. Ikijaa ndoo, joto linabaki mle mle, linaharakisha kuganda, na kuganda kunaleta joto zaidi, mpaka nyuzi 100 zinapitwa na moshi unaanza kutoka. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huchanganya kidogo kidogo, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika kumi hivi.

Ijumaa jua likatoka kali. Kijana akamimina kilo mbili za resini kwenye ndoo kwa mkupuo mmoja, kisha akatia hadina moja kwa moja kutoka mdomo wa chupa, kwa kukisia. Kiasi alichokisia ni cha jana yake kwenye baridi, na akaongeza kidogo. Ganda hakuweza kulitoa, kingo zilikuwa laini bado, basi akaingiza kichwa na mabega ndani ya buti na kuendelea kulaza mkeka. Mdogo wake wa miaka 16 alisimama ubavuni ameshika ndoo. Wote wawili walijifunga kitambaa puani.

Kitambaa hicho kinaniuma kuliko yote, kwa maana kinaonyesha walijua kwamba hewa ile ni mbaya. Harufu ya resini ni mvuke wa stairini. Uzito wake ni zaidi ya mara tatu ya ule wa hewa, kwa hiyo haupandi ukaondoka; unatulia chini, na buti la saluni ndilo beseni lake. Kitambaa hakiuzuii, wala barakoa za hospitali haziuzuii. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni vya kuzuia mvuke wa kemikali, tena mahali pa wazi. Bila hiyo kichwa kinaanza kuuma, unalewa bila kugusa pombe, mikono inakosea kazi uliyoizoea. Hayo ni ya siku hiyo hiyo. Kuhusu ya miaka mingi, mwaka 2018 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka stairini katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Tena mvuke huo unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 za Selsiasi, na ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani Kampala nyuzi 31 hupitwa kabla ya saa sita. Kijana alikuwa ameshavuta waya wa amplifaya kutoka kwenye betri hadi butini bila fyuzi, wakati fyuzi hutakiwa kukaa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Ncha ya waya huo ilikuwa wazi, imelala juu ya nailoni. Cheche haikuruka.

Kilichotokea ni kwamba ndoo ilianza kufuka. Resini ilikuwa imegeuka uji, kisha kama jiwe laini, na pande za ndoo zikawa za moto. Kijana akapiga kelele bila kutoa kichwa butini: "Imwage nje, upesi!" Mdogo wake akageuka na ndoo kwa haraka. Chupa ya hadina ilikuwa imeachwa wazi juu ya kingo ya buti. Ndoo ikaikumba, hadina ikaruka, ikamwingia jicho la kushoto.

Hadina ya resini hii kwa kawaida ni MEKP, peroksidi inayochoma. Ikiingia jichoni huunguza kioo cha jicho na kuendelea kuunguza, na inaweza kupofusha. Kinachookoa ni maji, hapo hapo, mengi, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole, dakika 15 bila kuacha, ndipo mtu apelekwe hospitali huku bado anamwagiwa. Jerikani zote mbili za pale zilikuwa tupu. Maji yake yalikuwa yameosha Premio asubuhi ile. Mtoto akasugua jicho kwa kile kitambaa cha puani. Mtu akaita bodaboda. Maji yaligusa jicho lile baada ya nusu saa, huko zahanati, na leo jicho hilo linaona mwanga na vivuli basi.

Alikuwa na miaka 16 na kazi yake ilikuwa kushika ndoo. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2006, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Gereji ya pembeni mwa barabara haijioni kuwa mwajiri, na mdogo mtu hajioni kuwa mfanyakazi, lakini chupa ile haikuuliza nani ni nani.

Anayedhani nakuza jambo dogo akumbuke Tokyo. Tarehe 14 Julai 1964 ghala liliwaka moto eneo la Shinagawa. Moto ulianzia kwenye kemikali nyingine, kisha ukaifikia MEKP iliyohifadhiwa pale. Mlipuko uliua wazima moto 19. Chupa ya gereji ni ndogo, ila ni kitu kile kile. Na pale resini inapouzwa pamoja na chupa ya pili ya kobalti, ile ya rangi ya zambarau, kobalti na hadina zisikutanishwe zenyewe hata tone, kwani hulipuka. Kobalti inakorogwa kwanza ndani ya resini yote mpaka ipotee, ndipo hadina ifuate.

Premio ilikwenda kwanjula bila muziki. Wiki iliyofuata kazi ilirudiwa na mzee aliyezoea mashua za faiba za Ziwa Victoria, kijana akiwa msaidizi. Ganda la kwanza mzee alilipasua kwa msumeno akamwonyesha: nyufa nyembamba kila mahali hadina ilipozidi, na katikati mkeka mkavu usioshika resini. "Mwanangu, hili lingepasuka kwa besi ya kwanza," akasema, akalitupa.

Alianza na jerikani la maji lililojaa na miwani ya kufunga macho pande zote, kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Hadina aliipima kwa sirinji. Kabla ya kuziba uso wa boksi alilijaza maharage makavu mpaka kwenye mstari, akayapima kwa jagi la lita, akatoa nafasi itakayoliwa na spika yenyewe, akalinganisha na lita zilizoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji wa sabufa. Zilizidi. Akajaza sehemu ya chini kwa kipande cha mbao kilichozibwa kwa resini, akapima upya. Boksi lilipokwisha hakuliweka garini. Alilianika nje siku tatu zaidi, kwa sababu harufu ilikuwa bado inatoka na mteja ana watoto wanaokaa kiti cha nyuma.