Risasi Haina Macho, Anayelenga Anayo

Kijiweni, mazungumzo yakigusa vita, hakosekani mtu wa kusema: "Vita ni vita, bwana. Risasi haina macho." Wote tunatikisa kichwa, maana msemo unaingia akilini kama wosia wa wazee, kisha mada inageuka kuwa mpira. Leo naomba tusigeuze mada. Msemo huo una ukweli nusu tu. Risasi kweli haina macho. Lakini anayelenga anayo, anayemwamuru alenge anayo, na yule anayemwambia nani wa kulengwa anayo pia. Huyu wa tatu anatuhusu sana sisi tunaoshika kalamu. Swali langu basi ni hili: je, katika vita binadamu bado ana wajibu wa kutazama anampiga nani, au akishavaa magwanda ameruhusiwa kufumba macho?

Sheria ya kujibu swali hilo ipo. Tarehe 24 Juni 1859, huko Solferino, kaskazini mwa Italia, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na jeshi la Austria. Ilipofika jioni, watu wapatao 40,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva aliyekuwa safarini kwa shughuli zake, aliwakuta majeruhi wamelala bila wa kuwapa hata maji. Akina mama wa mji jirani wa Castiglione wakawahudumia wote bila kuuliza sare. Kutokana na hayo ukazaliwa Msalaba Mwekundu mwaka 1863, na Mkataba wa kwanza wa Geneva mwaka 1864. Mikataba minne inayotumika leo ni ya 1949, na iliongezewa Itifaki mbili mwaka 1977. Tukiimenya maganda, inasema hivi: usimpige asiyepigana. Aliyeweka silaha chini, aliyejeruhiwa na aliyetekwa si wa kuuawa. Kama raia watakaokufa ni wengi kupita faida ya kijeshi unayoitafuta, usipige. Na kabla hujapiga, hakikisha unachokipiga ni nini.

Najua kuna atakayeguna hapa. Ataniambia hayo ni mambo ya Wazungu, tena Wazungu walewale ambao huku kwetu, wakati wa Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907, walichoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua kuliko bunduki, ilhali kwao Ulaya walishatia saini mikataba ya vita. Hasira hiyo ni halali, wala sina haja ya kuipoza. Lakini unafiki wa aliyetia saini haulifanyi neno lenyewe kuwa uongo. Isitoshe, neno hilo halikuanzia Geneva. Khalifa Abubakar, karne ya saba, anasimuliwa kuwa aliwausia askari wake wasiue wanawake, watoto wala wazee, na wasikate miti ya matunda. Wasomali nao wana desturi ya kale iitwayo biri-ma-geydo, yaani wale wasioguswa na mkuki: wanawake, watoto, wazee, watu wa dini, wageni. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba adabu ya vita tumeazima.

Ugumu uko kwingine. Sheria hii haiulizi nani ana haki. Mwenye kupigania uhuru na mwenye kupigania udhalimu, wote wawili inawaambia maneno yaleyale. Hapo ndipo damu inapochemka. Hebu jiulize: kama mtu amemwua mama yako, halafu ukamkuta amelala mtaroni na risasi mguuni, utamfunga bendeji? Mimi siwezi kuapa kwamba mkono wangu ungekubali. Nadhani ndiyo maana sheria ikaandikwa mapema, siku moyo umetulia, isiachiwe mkono wangu siku ya hasira. Tena naona ina sababu ya kutouliza nani ana haki. Kila upande unaamini haki ni yake. Ukisema majeruhi wa upande mwovu auawe, hujamhukumu mwovu. Umewapa ruhusa wote wawili, maana kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwovu.

Haya si mambo ya kufikirika. Tuwatazame majirani zetu. Rwanda iliikubali Mikataba ya Geneva mwaka 1964, na Itifaki ya Pili mwaka 1984, ile inayohusu vita vya ndani ya nchi. Karatasi zilikuwepo. Katikati ya Aprili 1994, mjini Kigali, gari la Msalaba Mwekundu likasimamishwa barabarani, majeruhi waliokuwemo wakateremshwa na kuuawa. Kabla ya hapo redio ya RTLM ilikuwa imetangaza kwamba magari hayo yanabeba maadui waliojifanya majeruhi. Sikiliza vizuri sentensi hiyo, ndugu msomaji. Haisemi "tuwaue majeruhi." Inasema hawa si majeruhi. Vilevile Watutsi hawakuitwa raia, waliitwa inyenzi, mende. Kabla panga halijamfikia mtu, neno lilikuwa limeshamwondoa kwenye orodha ya watu. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, waliouawa kwa muda wa siku mia hivi ni watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi.

Sasa twende ng'ambo ya mpaka, maana huko hoja yangu inapata mtihani wa kweli. Julai 1994, baada ya serikali iliyoendesha mauaji kushindwa vita, mamia kwa maelfu ya Wahutu walivuka kuingia Goma, Zaire, kwa siku chache tu. Kipindupindu na kuhara vikawavamia. Waliokufa katika mwezi wa kwanza wanakadiriwa kuwa karibu 50,000. Lakini pamoja na watoto waliokuwa wakifa kwa kuhara walikuwepo askari wa jeshi lililoshindwa, Interahamwe, na viongozi walioamuru mauaji. Hao ndio waliotawala kambi. Waligawa chakula cha msaada kwa matakwa yao, wakajipanga upya ili warudi kupigana. Yaani uongo ule wa redio, wa maadui waliojifanya wahitaji, hapa ulikuwa na ukweli ndani yake.

Ungefanyaje? Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka mwezi Novemba 1994, likisema haliwezi kuendelea kuwanenepesha wauaji. Wengine walibaki, wakisema mtoto mwenye kipindupindu hajaua mtu. Nimewaza sana juu ya hili, na sioni wa kumcheka kati yao. Ninachokiona ni kwamba madaktari waliachiwa mzigo usio wao. Kuwatenga wenye silaha na wasio na silaha ni kazi ya wenye majeshi, na wenye majeshi hawakuja. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likaishia kuwalipa askari 1,500 wa Zaire walinde usalama kambini, wala hao hawakuwatenga wauaji na wakimbizi. Daktari atamtoaje kamanda kwenye foleni ya unga, kwa sindano?

Mchanganyiko huo ukaachwa uive. Mwishoni mwa 1996 kambi zikashambuliwa na waasi wa Zaire wakisaidiwa na jeshi jipya la Rwanda. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi kwao. Wengine walikimbilia magharibi, ndani ya misitu ya Kongo, na hapo ikasikika hoja iliyokuwa ikinitia hofu tangu mwanzo: waliokimbia wote ni wauaji, asiye na hatia angerudi nyumbani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kwamba wengi wa waliouawa katika safari ile walikuwa watoto, wanawake, wazee na wagonjwa. Serikali ya Rwanda iliikataa ripoti hiyo. Mimi sisemi mambo haya mawili yana uzito mmoja. Mauaji ya kimbari ya 1994 yana mahali pake peke yake, na asiwepo wa kuyapunguza kwa kuyalinganisha. Ninachosema ni kwamba hoja ya "wote" ni ileile, hata inapotoka kwa mtu mwenye jeraha la kweli.

Sheria ilikuwa na jibu tayari. Itifaki ya Kwanza ya 1977, kifungu cha 50, inasema kuwapo kwa wapiganaji wachache katikati ya raia hakuwaondolei raia hao hadhi yao. Inaongeza kwamba penye shaka, mtu ahesabiwe kuwa raia. Wapo wanaoona huo ni ulaini wa watu waliokaa ofisini. Kwangu ni kinyume chake. Ni sheria ngumu, maana inamlazimisha mwenye bunduki afanye kazi ya kutazama, mmoja mmoja, wakati hofu inamwambia wote ni walewale.

Na wauaji je, waachwe? Hasha. Kuna watu wanaodhani kumtibu adui ni kumsamehe. Mwezi Novemba 1994, mwezi uleule madaktari walipokuwa wakifungasha, Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kuhukumu mauaji ya Rwanda, nayo ikawekwa Arusha. Ilipewa uwezo wa kuhukumu mauaji ya kimbari, na pia uvunjaji wa hiyohiyo Mikataba ya Geneva inayosema mtibu majeruhi. Hakuna ugomvi hapo. Mfunge bendeji leo, mfunge jela kesho. Tofauti ya mahakama na panga ni kwamba mahakama, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, iliita watu kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa ushahidi na wakili. Haikuhukumu "wote."

Mmoja wa walioitwa Arusha alikuwa mtu wa kalamu: Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Desemba 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha, katika kesi ambayo wakubwa wawili wa RTLM nao walikutwa na hatia. Mwaka 2007 rufaa ilikipunguza kifungo chake kuwa miaka 35, lakini hatia ya uchochezi kwa maandishi ilibaki. Nalitaja hili kwa sababu ukurasa huu unasomwa na vijana wanaotaka kuwa waandishi. Tumezoea kuambiwa kalamu ina nguvu kuliko upanga, nasi tunafurahi kana kwamba tumesifiwa. Kumbe ni onyo.

Goma iliyokuwa ya wakimbizi wale ilitekwa na M23 mwezi Januari 2025, na vita vya huko vina maneno yake. Hatuna jeshi la kupeleka. Tulicho nacho ni lugha, tena Kiswahili, ambacho wapiganaji na wakimbizi wa pande zile wanakielewa. Kwa hiyo, mwenzangu, ukiandika hadithi, habari au ushairi, ukajikuta umeandika "wale wote ni", simama hapo. Uliza ni nani, anaitwa nani, alifanya nini, na mtoto wake wa miaka minne alifanya nini. Kama huna jibu, futa "wote." Hiyo ndiyo sheria ya Geneva kwa kiwango tunachokimudu sisi.

Mwenye hoja tofauti ashike kalamu. Nafasi ipo.